Kusuka na kupima koili ya supakondakta: kuanzia mkanda wa milimita 4 hadi kipimo ndani ya nitrojeni

Mashine ya muungano wa nyuklia ya aina ya tokamaki inashikilia plasma yenye joto la nyuzi zaidi ya milioni 100 kwa kutumia uga sumaku. Shinikizo la plasma likibaki katika uwiano ule ule na uga, nguvu inayozalishwa katika kila mita ya ujazo hupanda kwa kipeo cha nne cha uga huo: ongeza uga mara mbili, nguvu inapanda mara 16. Hiyo ndiyo sababu ya mbio za kutafuta koili kali zaidi. Tarehe 5 Septemba 2021 MIT na kampuni ya Commonwealth Fusion Systems walifikisha tesla 20 kwa koili kubwa ya majaribio iliyotengenezwa kwa mkanda wa REBCO (keramiki ya supakondakta, yaani inayopitisha umeme bila ukinzani ikipozwa sana), ikiwa imemeza kilomita 267 za mkanda huo.

Mwongozo huu unahusu koili ndogo ya mkanda huo huo: koili bapa pacha ya kipenyo cha ndani cha mm 60, inayosukwa mezani na kupimwa ndani ya nitrojeni ya kimiminika kwa kelvini 77 (nyuzi 196 chini ya sifuri). Ni ndogo, lakini mambo yanayoiua ndiyo yale yale yanayoua kubwa: mkanda uliokunjwa vibaya, kiungio kibovu, msuko uliolegea. Karibu kila koili inayofeli huwa imeshafeli kabla haijapoa. Kwa hiyo kanuni ya kazi ni moja: kila hatua iache namba kwenye daftari, ili siku koili ikikataa ujue ilikataa wapi.

Namba za koili yenyewe

Mizunguko 60 kwa kila bapa, bapa mbili, jumla mizunguko 120. Mkanda una unene wa mm 0.1, kwa hiyo kina cha msuko ni mm 6 na kipenyo cha nje ni mm 72. Nusu kipenyo cha wastani ni mm 33, hivyo mkanda unaoingia ndani ya koili ni karibu mita 25. Agiza mita 28 za kipande kimoja kisicho na kiungio katikati, maana utakata vipande vya majaribio miisho yote miwili. Kati ya bapa mbili weka shiti ya G10 (bamba la nyuzi za kioo na epoksi) ya mm 0.5, na kimo cha koili nzima kitakuwa mm 8.5.

Kwa vipimo hivyo, uga katikati ya koili ni takriban militesla 2.27 kwa kila ampea. Induktansi ni kama milihenri 1.4. Kwenye kingo za juu na chini za msuko, uga unaopenya uso wa mkanda kwa pembe mraba hufika kama militesla 5 kwa ampea, na huo ndio unaoweka kikomo. REBCO kwenye kelvini 77 haivumilii uga wa pembe mraba. Mkanda unaobeba ampea 150 ukiwa peke yake unaweza kushuka hadi nusu, hata chini ya nusu, ukiwa ndani ya koili hii. Tegemea kati ya ampea 55 na 75. Atakayekuahidi 150 hajachora mstari wa mzigo. Uchore mwenyewe: programu ya FEMM ya kukokotoa uga sumaku, ambayo ni ya bure, inatosha kabisa kwa umbo la duara kama hili. Chora mstari wa uga dhidi ya mkondo, weka juu yake grafu ya mkanda uliyopewa na mtengenezaji, soma pale mistari inapokatana. Andika namba hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Koili hii tunaisuka bila kuhami mzunguko na mzunguko, mtindo ulioelezwa na Hahn, Park, Bascuñán na Iwasa wa MIT mwaka 2011. Mahali pakiharibika, mkondo unahama kando kwenda mzunguko wa jirani badala ya kuunguza pale pale. Ndio mtindo uliowezesha koili ndogo ya maabara ya sumaku ya Tallahassee, Marekani, kuongeza tesla 14.4 ndani ya sumaku ya tesla 31.1 na kufikia 45.5 mwaka 2019. Gharama yake ni kwamba uga unachelewa nyuma ya mkondo, na utaona hapo mbele namna uchelewaji huo unavyopotosha kipimo cha asiyeujua.

Mkanda: uso na mgongo

Ukiangalia kwa jicho, mkanda ni utepe wa shaba tu. Ndani kuna utepe wa Hastelloy (aloi ngumu ya nikeli) wa mikroni 50 unaobeba nguvu zote za kuvutwa, juu yake tabaka nyembamba za oksaidi zisizopitisha umeme, kisha REBCO yenyewe ya mikroni 1 hadi 2, fedha kama mikroni 2, na shaba ya mikroni 20 inayozunguka pande zote. Kwa hiyo mkanda una uso, ambako REBCO iko karibu, na mgongo, ambako Hastelloy na oksaidi vinakaa kati ya lehemu yako na supakondakta. Ukilehemu mgongoni, mkondo lazima uzunguke kupitia ukingo mwembamba wa shaba, na kiungio kinakuwa kibovu. Uliza mtengenezaji uso ni upi kwenye rili, kisha tia alama ya kalamu kila baada ya mita chache unapoukagua.

Vaa glavu za nitraili. Usiuache mkanda ujisokote ukitoka kwenye rili. Mkunjo mmoja mkali wa kidole unavunja keramiki ambayo hutaiona imevunjika. Mikanda ya Hastelloy ya mikroni 50 kwa kawaida huvumilia kipenyo cha mm 11 hivi, lakini katika kazi hii usipitishe mkanda kwenye puli yoyote yenye kipenyo chini ya mm 60, na zipange puli ili mkanda upinde upande mmoja tu, uso ndani. Uso ukiwa ndani, REBCO inabanwa. Ukiwa nje, inavutwa, na keramiki huvumilia kubanwa kuliko kuvutwa.

Kata sentimita 20 kutoka kila mwisho. Lehemu kila ncha ya kipande kwenye bamba la shaba kwa urefu wa sm 6, weka nyaya za volti zikiachana sm 5 katikati, zamisha kwenye nitrojeni, pandisha mkondo polepole. Kigezo ni mikrovolti 1 kwa sentimita, kwa hiyo unasoma mkondo pale volti inapofika mikrovolti 5. Vipande viwili vikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, rudi kwenye ramani ya mkanda iliyokuja na cheti uangalie mita zote zilizo katikati. Kinachohesabika ni pale padogo kuliko pote. Wastani hausaidii kitu, kwa sababu mkondo wa koili unapita kote.

Bobini na mashine ya kusukia

Vitu husinyaa vikipoa, na havisinyai sawa. Kutoka joto la chumba hadi kelvini 77 alumini inasinyaa karibu asilimia 0.39, shaba 0.30, chuma kisichoshika kutu 0.28, na G10 kwa upande wa nyuzi zake kama 0.21. Hastelloy iko karibu na G10. Bobini ya alumini kwa hiyo inaukimbia msuko inapopoa, na mizunguko ya ndani inalegea. Chonga bobini kutoka kwenye bamba la G10, hakikisha nyuzi za kitambaa zimelala kwenye uso wa duara, si kwenye mhimili. Vumbi la G10 ni kioo: vaa barakoa na ulichonge kwa maji.

Mkanda unavuka kutoka bapa ya kwanza kwenda ya pili juu ya bobini, ndani kabisa, mahali ambapo hutafika tena. Ukiulazimisha kuvuka kwa ghafla unaupinda kwa ukingo wake, na huko mkanda hauna huruma. Chonga njia ya mteremko kwenye bobini ili uvuke hizo mm 4.5 taratibu ndani ya nusu mzunguko, yaani kama mm 94 za urefu. Zungusha msasa laini kwenye kingo za njia hiyo mpaka kucha isikwame. Koili nyingi za kwanza hufa hapa, na hakuna hatua nyingine kwenye kazi hii inayolipa zaidi muda wa ziada.

Kwa mashine, lathe ndogo inayozungushwa kwa mkono inatosha. Fundi aliyewahi kusuka mota ataizoea mara moja. Kasi isizidi mizunguko 10 kwa dakika. Mkazo wa mkanda uwe nyutoni 15 hadi 20. Kama huna breki ya hysteresisi (breki ya sumaku inayoshika mkazo), uzito wa kilo 4 ukining'inia kwenye puli inayoelea unakupa karibu nyutoni 20, na kwa mkanda wenye eneo la mm² 0.4 hizo ni kama megapaskali 50. Mkanda unavumilia mara nyingi zaidi ya hapo. Mkazo ukiwa chini ya nyutoni 10 mizunguko haigusani vizuri na koili inakuwa na tabia tofauti kila ikipoa.

Kusuka

Hamisha nusu ya mkanda, mita 14, kwenye rili ya pili, na uifunge rili hiyo kwenye bobini yenyewe ili izunguke nayo. Laza katikati ya mkanda kwenye njia ya mteremko, ishike kwa kipande kidogo cha Kapton (utepe wa plastiki unaovumilia joto na baridi kali), usilehemu kitu. Suka bapa ya kwanza. Kila mizunguko 10 simama, pima kina kwa kaliba sehemu nne za duara. Mizunguko 10 ni mm 1, ukisoma 1.1 kuna uchafu, kuna mkanda uliopanda juu ya ukingo wa jirani, au mkazo umeshuka. Rudisha mizunguko hiyo na uisuke tena papo hapo, kwa sababu mzunguko wa 50 hauwezi kurekebisha kosa la mzunguko wa 12.

Mzunguko wa 60 ukifika, funga kwa Kapton na kibano, weka shiti ya G10, kisha fungua rili ya pili na usuke bapa ya pili kwa kuzungusha bobini kinyume. Mkondo utaingia nje ya bapa moja, utateremka ndani, utavuka, utapanda nje kwenye bapa ya pili, na muda wote utakuwa unazunguka uelekeo mmoja. Vichwa vyote viwili vya koili, pale umeme unapoingia na kutoka, vinabaki nje, na ndani hakuna kiungio hata kimoja. Faida hiyo peke yake inatosha kuchagua umbo hili.

Usimwagie epoksi. Epoksi inasinyaa kuliko mkanda, inashika uso wa shaba na kuuvuta, na tabaka za mkanda zinabanduka. Mkanda wa REBCO una nguvu kubwa kwa urefu na udhaifu mkubwa kwa unene. Koili isiyohamiwa iache kavu. Siku utakayosuka koili iliyohamiwa kwa Kapton, tumia nta ya parafini.

Vichwa na lehemu

Kwa kuwa uso umeangalia ndani, kichwa cha shaba lazima kikae chini ya mzunguko wa mwisho, si juu yake. Chonga kipande cha tao chenye nusu kipenyo cha nje cha koili, unene wa mm 5, urefu wa tao mm 80 hadi 100. Kibane kwenye msuko kikiwa na Kapton chini yake, pitisha mkanda juu yake, uso ukiwa umelala kwenye shaba, kisha lehemu urefu wote.

Lehemu ya bati 63 na risasi 37 inayeyuka kwa nyuzi 183. Lehemu ya indiamu 52 na bati 48 inayeyuka kwa 118 na inampa mtu nafasi zaidi ya kukosea. REBCO hupoteza oksijeni ikichomwa, na oksijeni ikitoka usupakondakta unaondoka nayo. Usivuke nyuzi 210 na usikae juu zaidi ya dakika moja. Pasha kipande cha shaba kwa hita yenye kidhibiti, usitumie pasi ya kulehemu kwenye mkanda moja kwa moja: ncha yake inaweza kuwa na nyuzi 350 huku ukidhani uko salama. Fluksi iwe ya rosini. Fluksi ya asidi inakula shaba hata baada ya kazi kuisha.

Viungio vya mkanda kwa mkanda, utakapovihitaji, hufanywa uso kwa uso kwa kulaliana sm 5. Kiungio kizuri kina nanoomu 15 hadi 50 kwenye kelvini 77. Ukipata mara kumi ya hapo, umelehemu mgongo.

Asiyeona uzito wa jambo hili na aangalie maabara ya fizikia ya CERN, Uswisi. Tarehe 19 Septemba 2008 kiungio kimoja kati ya sumaku za LHC, mashine yake ya kugonganisha chembe, kilichokadiriwa kuwa na nanoomu kama 200, kilikatika kikiwa na mkondo wa karibu ampea 8,700. Cheche ilitoboa chombo cha heliamu, tani 6 za heliamu zikatoka, na sumaku 53 zikahitaji kutolewa kwenye handaki.

Nyaya za kipimo

Unganisha jozi za volti mahali panne: kwenye vichwa (juu ya mkanda wenyewe, si juu ya shaba), kwenye kila bapa, na kwenye kivuko cha katikati ambako waya mwembamba wa enameli wa mm 0.1 uliingizwa wakati wa kusuka. Sokota kila jozi kwa nguvu tangu kwenye koili hadi kwenye mita. Eneo lililo wazi kati ya nyaya mbili linaokota kelele na linaokota mabadiliko ya uga. Sensa ya Hall, inayopima uga, iwe ile iliyosanifishwa kwa kelvini 77, kwa sababu sensa ya joto la chumba inadanganya ikipoa. Ikae katikati ya shimo na kwenye usawa wa shiti ya G10. Pt100 (kipima joto cha platini) moja kila upande: kwenye nitrojeni inayochemka inasoma omu 20.3 hivi.

Chanzo cha umeme cha ampea 100 na volti 5 kinatosha, kebo za mm² 25, na shanti ya ampea 100 kwa kupima mkondo halisi. Usiamini skrini ya chanzo.

Kabla ya kupoza andika namba tatu: ukinzani wa koili nzima na wa kila bapa, induktansi, na uhami kati ya koili na fremu kwa mega (kipima uhami) ya volti 500. Bapa mbili zilizosukwa sawa zinatakiwa kukaribiana. Zikiachana kwa mbali, usipoze. Tafuta sababu kwanza.

Nitrojeni

Hiyo ni nitrojeni ile ile inayohifadhi mbegu za ng'ombe, na Afrika Mashariki watu wanaoijua zaidi ni wataalamu wa uhimilishaji. Tanzania huzalishwa kituo cha taifa cha uhimilishaji, NAIC, Usa River, Arusha, na Kenya pale Kabete. Andaa lita 20 kwa siku moja ya kazi. Kila kilo ya shaba unayoizamisha inakunywa kama nusu lita kabla haijatulia.

Lita moja ya kimiminika inakuwa lita karibu 690 za gesi, na gesi hiyo haina harufu wala haikuonyi. Madirisha wazi, kipima oksijeni ukutani chenye kengele ya asilimia 19.5, ngao ya uso, glavu pana za ngozi zinazovulika haraka, suruali nje ya buti. Usifunge chombo kwa kifuniko kinachobana. Mtu asifanye kazi hii peke yake chumbani.

Ning'iniza koili juu ya kimiminika kwa dakika 20 hadi 30 ipoe kwa mvuke, kisha iteremshe polepole. Kuitumbukiza ghafla kunapoza mizunguko ya nje ikasinyaa juu ya mizunguko ya ndani iliyo bado na joto. Subiri kuchemka kwa nguvu kutulie na Pt100 zote mbili zisome sawa.

Kupima

Anza na sifuri. Soma kila jozi bila mkondo. Utakuta mikrovolti kadhaa za tofauti ya joto kwenye viungio vya nyaya. Ziandike uzitoe baadaye, na uzisome tena mwisho wa kipimo.

Panda hadi ampea 10, ngoja, soma. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukinzani wa kugusana kati ya mizunguko, kwa thamani ya kawaida ya mikroomu 70 kwa sm², unaipa koili nzima kama miliomu 1 kando ya msuko. Milihenri 1.4 kwa miliomu 1 ni muda wa sekunde 1.4. Ukipandisha mkondo kwa ampea 0.2 kwa sekunde, induktansi peke yake inaleta milivolti 0.28, ambayo ni kubwa kuliko dalili ya kwanza ya supakondakta kuchoka. Kwa hiyo panda kwa ngazi: ampea 5, kisha 2 ukikaribia kikomo, na baadaye 1, na kila ngazi usimame sekunde 30 kabla ya kusoma. Volti iliyobaki baada ya kutulia ndiyo unayoitafuta.

Kwa mita 25 kigezo cha mikrovolti 1 kwa sentimita ni milivolti 2.5. Chukulia milivolti 0.25 kuwa onyo. Tuseme onyo limekuja kwenye ampea 64 na milivolti 2.5 imekuja kwenye 70. Volti imepanda mara 10 huku mkondo ukipanda kwa uwiano wa 70 kwa 64, kwa hiyo kipeo n, yaani ukali wa volti kupanda mkondo ukiongezeka, ni karibu 26. Hiyo ni koili yenye afya. n ikiwa chini ya 15 mkanda umeumia mahali, hata kama namba ya ampea inapendeza.

Sasa soma Hall. Kwenye ampea 70 ulitegemea militesla 159, lakini utasoma kama 153. Sensa haijakosea. Milivolti 2.5 juu ya njia ya kando ya miliomu 1 inasukuma ampea 2.5 kupita moja kwa moja kati ya mizunguko bila kuzunguka, na ampea 2.5 mara 2.27 ni militesla 5.7, zile zile zilizopungua. Namba mbili zilizopimwa kwa njia tofauti zikikutana hivi, kipimo chako kinaaminika. Zisipokutana, usichapishe chochote mpaka ujue kwa nini.

Kisha shuka hadi ampea 30, acha itulie, kata umeme ghafla kwa swichi, na urekodi Hall inavyoshuka, ukisoma mara 100 kwa sekunde. Muda wa kushuka hadi asilimia 37 ndio sekunde zako, na kutoka hapo unapata ukinzani halisi wa kugusana. Uga kidogo utabaki baada ya mkondo kwisha. Ni mikondo iliyonaswa ndani ya upana wa mkanda, na itaondoka koili ikipata joto.

Ipashe joto ndani ya mfuko wenye gesi kavu ya nitrojeni. Ikitolewa hewani inaloa umande, maji yanaingia kati ya mizunguko, na safari ijayo yanaganda humo. Rudia kupoza na kupima angalau mara tatu.

Ikikataa

Volti inayopanda kwa mstari ulionyooka tangu ampea za kwanza ni kiungio, si supakondakta. Gawanya volti kwa ampea, linganisha na lehemu yako. Volti inayojikunja mapema kwenye bapa moja tu, n ikiwa ndogo, ni mkanda ulioumia, na mara nyingi jozi ya kivuko itakuambia kuwa ni kwenye mteremko. Bapa zote mbili zikiwa chini ya mstari wa mzigo kwa kiasi sawa, kagua hesabu kabla ya kulaumu mkanda: huenda ulitumia grafu ya uga sambamba badala ya pembe mraba.

Ampea za kikomo zikishuka kila mara inapopozwa, tabaka zinabanduka au maji yanaingia. Ampea zikibaki pale pale lakini sekunde za kushuka zikipungua kutoka 1.4 kwenda 1.0, msuko unalegea na ukinzani wa kugusana unapanda. Ongeza mkazo kwenye koili ijayo. Hall ikiwa ndogo kwa uwiano ule ule tangu ampea 10, sensa haiko katikati au mizunguko haikuhesabiwa vizuri.

Kutoka hapa kwenda kwenye mashine

Koili yako kwenye ampea 70 inahifadhi jouli 3.5. Koili 18 za toroidi (zinazolizunguka bomba la plasma) za ITER, tokamaki ya kimataifa inayojengwa Cadarache, Ufaransa, zinahifadhi gigajouli 41 kwa ampea 68,000. Kwa kipimo hicho kwenchi, yaani koili kupoteza usupakondakta ghafla, inakuwa swali la kwanza la usanifu. Kwenye REBCO ni ngumu zaidi kuliko kwenye niobiamu na titani, kwa sababu sehemu iliyopata joto inaenea kwa milimita au sentimita chache kwa sekunde. Volti inachelewa kuonekana huku doa moja likiungua. Koili ile ya tesla 20 baadaye ilikatiwa umeme makusudi ikiwa imejaa mkondo, ili kuona mwisho wake, na ikayeyuka kwenye kona moja. Kusuka bila kuhami kunasaidia. Hakuifanyi koili kubwa isiungue.

Nguvu nazo zinabadilika. Shinikizo la uga wa tesla 20 ni karibu megapaskali 160, angahewa 1,600, na hapo mkanda peke yake hautoshi: unalazwa kwenye mifereji ya mabamba ya chuma. ITER ilitumia niobiamu na bati, ambayo husukwa kwanza na kuokwa baadaye kwa nyuzi kama 650 kwa siku nyingi, kwa sababu ikishaokwa inakatika kama kigae. Kebo yake ya toroidi ina nyuzi 900 za supakondakta na 522 za shaba. Sampuli za kebo hupimwa kwenye kituo cha SULTAN, Villigen, Uswisi, kabla ya mtu kuthubutu kusuka koili nzima, na koili 70 za mashine ya muungano ya Wendelstein 7-X zilipimwa Saclay, Ufaransa, kabla ya kufungwa Greifswald, Ujerumani.

Jambo moja ambalo kipimo cha nitrojeni hakikuonyeshi ni uhami wa volti kubwa ndani ya ombwe hafifu. Kwenye shinikizo la chini gesi hupasuka kwa volti mia chache tu, na uhami uliopita kipimo hewani unaweza kufeli humo. Mwezi Machi 2021 tokamaki ya JT-60SA ya Naka, Japani, iliharibika hivyo kwenye miunganisho ya koili moja ya poloidi (pete kubwa inayoizunguka mashine nzima); ilibidi uhami uimarishwe kwenye viungio vingi, na plasma ya kwanza ikapatikana Oktoba 2023. Ukianza kusuka koili za kuhamiwa, jenga mapema tangi dogo la ombwe lenye vali ya kuingizia gesi kidogo kidogo, na upime kila kichwa na kila waya wa volti humo, kuanzia ombwe kali hadi shinikizo la chumba, volti ikiwa imewashwa muda wote.